Swali la Tisa

Fomu ilizaliwa Turku, ikaja kwetu Tariat
ndani ya begi la Pirjo, pamoja na kalamu za rangi:
maswali ishirini na mawili, miraba midogo ya kutia alama.
Kazi yangu ilikuwa kuyavusha.
Mkalimani ni mlango. Hakuna aushukuruye mlango,
ila ukikwama kila mtu huupiga teke.

La kwanza lilipita. La pili lilipita limeinama.
La tisa likagoma:
"Je, mara nyingi hujihisi mtupu ndani?"

Lugha yetu ina neno moja, setgel,
limebeba moyo na akili kwa kamba moja;
nililigeuza, nikaligeuza,
swali likatoka na mlio wa birika.
Zolbayar, miaka kumi na miwili, kitanda cha dirishani,
alijitazama tumbo, akajibu kwa adabu:
"Hapana. Leo tumekula supu."

Pirjo akaandika sifuri,
sifuri safi, ya duara, kama sahani iliyorambwa.

Usiku tulikaa jikoni mwa bweni,
jiko likitafuna mavi makavu ya ng'ombe.
Rayen, aliyetoka Temuco na kikohozi cha safari tatu za ndege,
alisema: kwa bibi yangu mtoto haulizwi ana nini,
huulizwa ameota nini.
Pirjo akasema: kwetu haulizwi kitu.
Tunakaa naye kimya mpaka kimya kichoke.
Akaitazama simu yake. Haikuwa na ujumbe.
Daktari Narmandakh alimimina chai ya chumvi:
hapa, majira ya baridi, mtu huulizwa
mifugo imeamkaje.

Basi asubuhi niliuliza hivyo, bila karatasi.
"Zolbayar, mifugo imeamkaje?"

"Haikuamka."

Kisha akasema yote, akiangalia kiatu changu.
Barafu juu ya theluji, theluji juu ya barafu,
mbuzi mia mbili na arobaini wamesimama wima, wamekufa.
"Niliwahesabu mimi. Baba alishindwa.
Alikaa juu ya pikipiki iliyozimika
akishika breki."

Pirjo alishika kalamu hewani.
Hili naliweka wapi? aliuliza. Kuna sifuri, moja, mbili.
Narmandakh akapandisha sauti: weka mia mbili na arobaini!
Rayen akasema: bila namba watakaokata bajeti watakata,
na huko kwetu walishakata.
Wote watatu walikuwa na haki, na hilo halikusaidia.
Niliacha kutafsiri. Walielewana
vibaya, kwa mikono,
mpaka unga wa chai ukamwagika mezani.

Mwishowe fomu thelathini na moja ziliondoka Tariat
na nafasi wazi kwenye swali la tisa,
na nyuma ya kila moja, kwa mwandiko wangu,
alichosema mtoto alipoulizwa kama mtu huulizwa.
Mwenye kupanga takwimu huko Turku alilalamika.
Ana sababu. Bado wanabishana.

Mwezi wa tano Pirjo aliniandikia
kuhusu mwanawe Veikka, aliyejifungia tangu vuli.
Alikuwa amesimama kwenye ujia, hajui aseme nini,
akajikuta anauliza mbao za mlango:
mifugo imeamkaje?
Ndani, kicheko cha pua.
Halafu mlango ukafunguka, upana wa paka tu.

Sitaki kuliita hilo tiba. Yeye pia hakuliita.

Zolbayar angali anaamka saa tisa usiku.
Dulmaa, mlezi wa bweni, ambaye hajui kusoma fomu,
siku hizi haikoki milango saa hiyo.
Huweka kigoda kando ya kitanda cha dirishani,
humwuliza jina la mbuzi mmoja.
Mmoja tu kwa usiku.
Wamefika wa kumi na saba.